Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Mafundi wa Tovuti na Wateja Wao

Utangulizi

Kwanza nieleze mahali. Macquarie Fields ninakokaa si Chuo Kikuu cha Macquarie. Chuo kile kiko upande wa kaskazini wa Sydney. Sisi tuko kusini-magharibi, katika manispaa ya Campbelltown, kati ya stesheni za Glenfield na Ingleburn. Majina yote mawili yanatokana na Gavana Lachlan Macquarie, na kwa sababu hiyo wageni wetu hupotea mara kwa mara. Nataja jambo hili kwa kuwa makala haya yanahusu jina jingine lililopotea.

Mwaka juzi chama cha familia zetu kilipoteza tovuti yake. Haikuvamiwa na wezi wala haikuingiliwa na virusi. Siku moja watu waliandika anwani yake kama kawaida, wakakuta ukurasa mtupu wenye tangazo kwamba jina hilo linauzwa. Ndani ya tovuti ile mlikuwa na picha za mahafali, matangazo ya misiba na harusi, ratiba ya darasa la Kiswahili la watoto la siku ya Jumamosi, na rekodi sita za sauti za wazee wakisimulia safari zao. Mzee mmoja kati ya hao alikuwa babu yangu, mzaliwa wa Uvira, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kufika Australia. Babu alikuwa ameshafariki. Rekodi yake nzima ilikuwa mle tu.

Nilipouliza kosa lilikuwa la nani, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mweka hazina alisema chama kililipa kila kitu, na risiti alikuwa nayo. Katibu alisema kazi ya kutunza tovuti ilikuwa ya kampuni ndogo iliyoitengeneza. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshafungwa, lakini kijana aliyewahi kufanya kazi pale alituambia kwamba barua pepe za kukumbusha malipo ya jina zilitumwa mara tatu, kwa anwani ya katibu wa zamani ambaye amehamia Brisbane. Nadhani wote walisema kweli. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyedanganya, na bado tovuti ilipotea.

Ndipo nikataka kujua historia ya jambo hili. Tangu kompyuta zianze kutengenezewa programu, watu wanaoagiza kazi na mafundi wanaoifanya wamejifunza vipi kuelewana? Na wanakosana wapi? Katika makala haya nitaanza na historia ya njia zenyewe za kazi, kisha nitaangalia mifano kutoka Kenya, Tanzania na hapa Australia, na mwisho nitarudi kwenye tovuti yetu, kwa sababu klabu yetu nayo inajiandaa kuagiza ya kwake.

Fundi na mwenye chombo

Kazi ya kuagiza kitu kwa fundi si mpya kwa Waswahili. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wa majahazi wamejulikana kwa vizazi vingi kwa kuunda vyombo kwa kipimo cha jicho, bila michoro ya karatasi. Mwenye chombo na fundi hupatana ukubwa, mbao na malipo. Mkuku ukishalazwa na taruma zikianza kusimama, mwenye chombo anaweza kuja ufukweni akaona kwa macho yake kazi imefika wapi. Akiona ubavu umekaa vibaya, atauliza siku hiyohiyo. Hahitaji kusubiri siku ya kushua chombo majini ndipo ajue kama kitaelea.

Programu ya kompyuta haina ufukwe wa namna hiyo. Mwenye kuagiza hawezi kuona taruma. Anaambiwa kazi imefika nusu, naye hana njia ya kujua nusu hiyo ni ipi. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, chini ya mwavuli wa NATO, kujadili kwa nini miradi ya programu ilichelewa, ilizidi bajeti, au haikufanya kazi kabisa. Katika mkutano huo walizungumza waziwazi juu ya mgogoro wa programu.

Mwaka 1970 mhandisi Mmarekani Winston Royce aliandika makala yenye mchoro maarufu: mahitaji kwanza, kisha uchambuzi, kisha usanifu, kisha uandishi wa programu, kisha majaribio, kisha matumizi. Kila hatua inamwagikia inayofuata, na baadaye watu wakaiita njia ya maporomoko ya maji. La kushangaza ni kwamba Royce mwenyewe alionya, katika makala hayohayo, kwamba kufuata hatua hizo bila kurudi nyuma ni hatari, kwa sababu makosa makubwa huonekana wakati wa majaribio, yaani mwishoni, wakati gharama ya kuyarekebisha ni kubwa. Wengi walichukua mchoro wakaacha onyo.

Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa katika kampuni ya IBM, alitoa kitabu kuhusu aliyojifunza. Hoja yake inayokumbukwa zaidi ni kwamba ukiongeza watu katika mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi, maana wageni lazima wafundishwe na wale wenyeji ambao tayari wamelemewa. Sisi tuna methali ya haraka haraka haina baraka. Brooks alionyesha kwamba hata wingi wa mikono una kikomo chake.

Tovuti zinaingia

Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na Geneva, na tovuti ya kwanza ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1993 CERN ikatangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia mfumo huo bila malipo. Katika miaka ile ya mwanzo mtu mmoja alifanya kila kitu: aliandika maneno, akapanga picha, akatunza seva.

Waswahili hawakuchelewa sana kuingia. Mwaka 1994 Mradi wa Kamusi ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ukawa kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti ambayo watumiaji wenyewe waliweza kuichangia. Mwaka huohuo vijana watatu Wakenya waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online. Lakini intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa ghali na ya polepole, kwa sababu ilitegemea setilaiti, mpaka mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. SEACOM ilifika Dar es Salaam pia. Baada ya hapo kampuni za kutengeneza tovuti ziliongezeka haraka.

Kampuni ya namna hiyo hufanyaje kazi? Nilizungumza na mafundi wawili wa hapa Sydney, na ingawa kila mmoja ana desturi zake, hatua zinafanana. Kwanza ni mazungumzo: mteja ni nani, wasomaji wake ni nani, na anataka wafanye nini wakifika kwenye tovuti. Mazungumzo yanaandikwa kuwa hadidu za rejea. Kutoka hapo hupatikana makadirio ya muda na gharama, kisha mkataba. Malipo hugawanywa kwa awamu: sehemu ya kwanza kabla ya kuanza, nyingine mchoro ukikubaliwa, na ya mwisho wakati wa makabidhiano. Meneja wa mradi ndiye anayesimama kati ya mteja na mafundi. Wanaanza na ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa na jinsi zinavyounganika. Kisha huja michoro isiyo na rangi, kisha sura kamili, kisha ujenzi, kisha majaribio kwenye simu na kompyuta tofauti, kisha uzinduzi.

Niliwauliza kitu gani kinachelewesha kazi zaidi. Nilidhani watasema programu. Wote wawili walisema maudhui: mteja ameahidi kuleta maneno na picha, halafu miezi inapita. Jambo la pili ni maombi madogo madogo yanayoingia katikati. Leo mteja anaomba kalenda, kesho anaomba ukurasa wa michango, keshokutwa anaomba lugha ya pili. Kila ombi ni dogo, lakini kwa jumla ni kazi mpya ambayo haikuhesabiwa. Meneja mzuri hakatai. Anaandika ombi, anataja siku na fedha zitakazoongezeka, na anasubiri mteja akubali kwa maandishi.

Mwezi wa Februari mwaka 2001 watengenezaji programu 17 walikutana Snowbird, jimboni Utah, wakatoa tamko fupi lililobadilisha kazi hii. Kwa ufupi, walitaka programu inayofanya kazi ipewe uzito kuliko rundo la nyaraka, na mteja ashirikishwe kila mara badala ya kubishana naye juu ya mkataba. Kampuni nyingi sasa hufanya kazi kwa vipande vya wiki mbili hivi, na mwisho wa kila kipande mteja anaonyeshwa kitu kinachoonekana. Kwa maoni yangu walikuwa wanamrudishia mteja ule ufukwe wa Matondoni.

Mteja anapofunga mlango: Bunge la Kenya na Mzalendo

Mfano wa kwanza unahusu swali la nani mwenye tovuti. Katikati ya miaka ya 2000 Bunge la Kenya lilikuwa na tovuti iliyoonyesha wasifu wa wabunge, pamoja na elimu yao. Baadhi ya wabunge hawakupenda mambo yao yawekwe hadharani, wakalalamika, na tovuti ikafungwa. Kwa upande wa ufundi hapakuwa na kosa lolote. Tatizo ni kwamba waliolipia walikuwa wabunge, na waliohitaji habari walikuwa wananchi.

Mwaka 2006 Ory Okolloh, mwanasheria, na Conrad Akunga, mtaalamu wa kompyuta, walianzisha tovuti ya Mzalendo ili wananchi waweze kufuatilia kazi za wabunge wao. Walifanya kwa kujitolea. Funzo ninalolipata ni kwamba kila tovuti ina wateja wawili: anayelipa na anayesoma. Mkataba humtaja wa kwanza tu, na wa pili hugundua kwamba hana haki siku tovuti inapofungwa.

Kazi bila mkataba: Ushahidi

Mfano wa pili unatokana na msiba. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Kenya iliingia katika ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza wengine wengi makwao. Serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Okolloh aliandika kwenye ukurasa wake habari alizopata kwa watu, lakini zilizidi uwezo wa mtu mmoja. Mwanzoni mwa Januari 2008 akauliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea.

Waliojibu ni pamoja na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Erik Hersman, aliyekulia Kenya na Sudan, Juliana Rotich na Daudi Were. Walifanya kazi wakiwa nchi tofauti, kwa simu na barua pepe, na Kobia ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu. Katika muda wa siku chache, kabla Januari haijafika katikati, tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani. Mtu aliweza kutuma taarifa, na taarifa ikaonekana kwenye ramani.

Kwa kufuata hatua nilizozieleza hapo juu, mradi huu haukuwa na hadidu za rejea, wala makadirio, wala mkataba. Kwa nini basi ulifaulu? Naona sababu tatu. Lengo lilikuwa moja na liliweza kusemwa kwa sentensi moja. Aliyeomba kazi alijua wasomaji wake, na alikuwa mmoja wao. Tena hawakuona aibu kwamba kazi ya kwanza ilikuwa ya haraka. Baadaye mwaka huohuo waliijenga upya kama programu huria, ili mtu yeyote aweze kuichukua. Ndiyo maana mwezi wa Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipopiga Haiti, programu iliyozaliwa Kenya ilitumika huko. Mwaka huohuo baadhi ya waanzilishi walisaidia kufungua iHub jijini Nairobi, ambapo vijana wengi wa tovuti na programu walipata meza, intaneti na wateja wao wa kwanza.

Hata hivyo sipendi tuchukue Ushahidi kama ruhusa ya kufanya kazi bila maandishi. Wale walikuwa watu wachache walioaminiana, na tukio lenyewe liliwapa tarehe ya mwisho. Chama cha kawaida, kinachobadilisha katibu kila baada ya miaka miwili, hakina nguvu hiyo.

Mteja asiyejua anachotaka: M-Pesa

M-Pesa si tovuti, lakini nimeichagua kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri na waliohusika, na inaonyesha jambo ambalo mafundi wa tovuti hukutana nalo kila siku. Mradi ulianzia Vodafone, Uingereza, kwa msaada wa fedha kutoka idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliusimamia, na Safaricom ndiyo iliyokuwa mwenyeji nchini Kenya. Wazo la kwanza lilikuwa la mikopo midogo: wanachama wa taasisi ya Faulu Kenya wangelipa mikopo yao kwa simu.

Oktoba 2005 walianza majaribio na wateja wasiofika 500, kwa kutumia mawakala wachache wa Nairobi na Thika. Hapo mambo mawili yalionekana. La kwanza, hesabu za mikopo ya vikundi zilikuwa ngumu kuunganishwa na mfumo mpya. La pili, watu walianza kuutumia kwa mambo yao wenyewe. Walitumiana fedha. Waliweka fedha kabla ya safari wakazitoa walipofika. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Wasimamizi wangeweza kusema kwamba haya hayamo katika mkataba. Badala yake waliacha habari ya mikopo pembeni, na Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa kama huduma ya kutuma fedha nyumbani. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni 1. Kama majaribio yale yangekuwa sherehe tu ya kukata utepe, au kama mkataba ungewafunga kwenye wazo la kwanza, tungepata mfumo wa kulipia mikopo ambao pengine leo hakuna ambaye angeukumbuka. Familia yangu inapotuma fedha Kigoma leo, inafaidi uamuzi ule wa kusikiliza majaribio.

Wakubwa nao huanguka: sensa ya Australia ya 2016

Mtu anaweza kufikiri kwamba matatizo haya ni ya vyama vidogo na nchi zenye intaneti ya polepole. Sensa ya Australia inatuonyesha vingine. Idara ya Takwimu ya Australia iliamua kwamba mwaka 2016 sehemu kubwa ya watu, karibu theluthi mbili, wajaze fomu kwenye intaneti. Kazi ilipewa IBM mwaka 2014 kwa mkataba wa dola za Australia zipatazo milioni 9.6, bila zabuni ya wazi. Pande hizi mbili zilikuwa zimeshafanya kazi pamoja katika sensa za 2006 na 2011.

Usiku wa sensa ulikuwa tarehe 9 Agosti 2016. Tovuti ilishambuliwa kwa maombi mengi ya bandia yenye lengo la kuizidi nguvu. Ulinzi uliotegemewa ulikuwa kuzuia maombi yote yanayotoka nje ya nchi, lakini haukufanya kazi inavyotakiwa. Kifaa kimoja muhimu cha kuelekeza mawasiliano kilizima, na kukiwasha tena kukashindikana kwa wakati. Kisha ikaonekana ishara kwamba huenda taarifa za watu zinatoka nje. Muda mfupi kabla ya saa 2 usiku, tovuti ikafungwa. Haikufunguliwa hadi mchana wa tarehe 11.

Uchunguzi wa Alastair MacGibbon, mshauri wa Waziri Mkuu kuhusu usalama wa mtandao, uliotolewa Novemba mwaka huo, ulieleza kwamba mashambulizi yalikuwa madogo na ya aina iliyotarajiwa, kwamba hakuna taarifa za watu zilizoibwa, na kwamba ishara ile ya kutisha haikuwa ya kweli. Idara ilikuwa imemtegemea mno mtengenezaji iliyemzoea, na haikuhakikisha yenyewe kwamba kinga zilizoahidiwa zimejaribiwa. IBM iliomba radhi mbele ya kamati ya Seneti, na baadaye ikakubali kulipa fidia.

Sensa yenyewe haikupotea: zaidi ya asilimia 95 ya kaya zilijibu mwishowe. Lakini imani ilipungua, na imani hiyo inatuhusu. Sensa huuliza lugha inayozungumzwa nyumbani, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazohesabiwa. Idadi hiyo hutumika na serikali na mabaraza ya miji katika kupanga huduma, pamoja na wakalimani. Familia ikiogopa kujaza fomu, haionekani. Mwaka 2021 idara ilibadilisha mtengenezaji na utaratibu, na usiku wa sensa ulipita salama.

Kutoka kwenye mfano huu ninaona kwamba mazoea si ukaguzi. Kadiri mteja anavyomwamini fundi wake, ndivyo anavyopaswa kuomba aonyeshwe, maana hakuna mwingine atakayeuliza.

Sentensi moja ya Dodoma

Ukifungua tovuti za wizara na halmashauri za Tanzania, utaona zinafanana. Kuna Mwanzo, Kuhusu Sisi, Wasiliana Nasi, na Maswali ya Mara kwa Mara. Mwanafunzi wa Kiswahili wa ughaibuni anaweza kujifunza msamiati mzima wa wavuti hapo. Tovuti hizo zinafuata utaratibu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ilianza kama wakala mwaka 2012 na kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019.

Kilichonivutia zaidi kiko chini kabisa ya kurasa nyingi kati ya hizo. Kuna sentensi inayoeleza kwamba tovuti imesanifiwa na kutengenezwa na mamlaka hiyo, na kwamba inaendeshwa na ofisi fulani inayotajwa jina. Ni sentensi fupi ambayo wasomaji wengi hawaioni. Lakini inatenganisha mambo mawili ambayo chama chetu hakikuyatenganisha: aliyejenga ni nani, na anayetunza ni nani. Siwezi kusema kwamba kila ofisi inatunza tovuti yake vizuri. Nasema tu kwamba ikiharibika, jibu la swali la nani aulizwe limeshaandikwa.

Hitimisho

Nikirudi kwenye tovuti yetu ya Macquarie Fields, naona sasa kwamba haikufa siku jina lilipokwisha muda. Ilianza kufa siku ya uzinduzi, tulipopiga picha na kula pilau bila kuuliza nani atakuwa na funguo. Jina la tovuti hapa Australia ni leseni ya miaka michache, na mwenye haki ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Jina letu liliandikwa kwa barua pepe ya mtu mmoja badala ya chama. Mkataba ulizungumzia kurasa, rangi na bei, lakini matengenezo hayakutajwa. Nakala ya rekodi haikuwekwa popote pengine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali zote mbili tulifundishwa katika darasa lilelile la Jumamosi ambalo ratiba yake ilipotea.

Mifano niliyoitaja inatofautiana sana, lakini ninaona uzi mmoja. Mradi husalimika pale ambapo mteja anaona kazi inavyokwenda, anajua nani atasoma, yuko tayari kubadilisha wazo la kwanza, na ameandika nani anashika nini baada ya fundi kuondoka. Fedha nyingi haziwezi kuziba nafasi ya mambo haya, kama sensa ilivyoonyesha. Na kazi ya kujitolea inaweza kuyatimiza, kama Ushahidi ilivyoonyesha.

Binamu yangu wa Melbourne alikuta kwenye simu yake kipande cha sauti ya babu ambacho mtu alikuwa amekirusha kwenye kikundi cha familia. Ni dakika nne, kati ya takriban arobaini. Babu anaeleza jinsi walivyovuka ziwa usiku, na kipande kinaishia wakiwa wamefika Kigoma, wanatafuta maji ya kunywa. Yaliyofuata tunayajua kwa kusimuliwa na mama, lakini si kwa sauti yake.

Kamati ya klabu yetu itakutana muhula ujao kuzungumzia tovuti ya kuhifadhi magazeti haya na rekodi za wazee tunazokusanya. Najua mazungumzo yataanza na rangi na nembo, maana hayo ndiyo yanayofurahisha. Wanachama wenzangu na walimu wetu, naomba tuanze na maswali manne. Jina litaandikwa kwa nani? Nywila zitakabidhiwa vipi viongozi wakibadilika? Nakala ya pili itakaa wapi? Na nani atalipa mwaka wa tatu, sisi tukiwa tumeshahitimu? Tukiyajibu hayo kwa maandishi, rangi yoyote itatufaa.